Mkono Mmoja

Mashua ilikata kushoto tena kama mbuzi mkaidi. Baba akaudaka usukani, akacheka.

"Imelewa hiyo mashine yako, mwanangu. Kesho mnunuzi akija, mpe na yenyewe."

Tangu kiharusi kiulaze mkono wake wa kulia, baba alibaki na mmoja tu. Akishika usukani, wavu hauna mtu. Ndiyo maana binti yake alifunga mashine ya kuushika usukani yenyewe, na moyoni alishaapa kwamba mashua haiuzwi.

Akarudia kuikagua kazi yake, skrubu kwa skrubu, hadi kwenye dira ya mashine aliyoifunga kwenye ubao wa kibanda cha usukani. Upande wa pili wa ubao uleule ilining'inia redio ya baba.

Akasimama. Spika ina sumaku, na sumaku huipotosha dira.

"Baba, naomba redio."

"Ushindwe wewe, alaumiwe mtangazaji?"

"Naomba, baba."

Aliipeleka mbele kabisa, akarudi, akabonyeza kitufe cha mashine. Mashua ikanyooka.

"Achia, baba."

Kidole kimoja kikafunguka, kisha kingine. Mkono ukabaki hewani, kama uliosahau ulikokuwa ukienda.

"Basi nenda ukaiongeze sauti hiyo redio, nisikie," baba alisema, akauinamia wavu.