Jiwe la Kisimani

Jiwe alilochimbua Kombo kisimani lilianguka chini kama mawe yote, lakini tabia yake ilikuwa kinyume. Ukilivuta, linakukimbia, ukilisukuma, linakujia. Tangu mkewe arudi kwao, Kombo alishinda barazani akilisukuma kwa kidole, nalo likimjia kama paka.

Alasiri moja mkewe, Mwanakheri, akapiga hodi. Katika mji ule, mwanamke akishafuata kinu chake, ndoa imekwisha.

"Nimefuata kinu," alisema, lakini hakukigusa. Alisimama tu, akimtazama.

Neno "baki" lilimfika Kombo kooni. Ila alikuwa amemvuta kwa wajumbe na zawadi, na kila alipomvuta alizidi kuwa mbali. Akalikumbuka jiwe.

"Kichukue uende zako," akasema. "Sina haja nawe."

Mwanakheri aliinama, akajitwika kinu.

"Siku zote ulituma watu," alisema. "Leo nilikuja nikusikie mwenyewe."

Kombo alingoja ageuke. Alingoja hata alipokwisha kupinda kona. Kisha akalipiga jiwe teke kwa nguvu zake zote.

Likaja taratibu, likajilaza mguuni pake.