Pembe za Lango la Kusini

Otilia Benavides alizigonganisha tena zile pembe za kulungu, safari hii kwa nguvu zaidi, mpaka chembe za mfupa zikamrukia kwenye sketi. Akazisugua kwenye kichaka cha miiba, kisha akapiga ardhi kwa mashina ya pembe hizo, kama kwato za madume wawili wanaosukumana.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, karibu kabisa na mpaka wa jirani yake, Hollis Tackett. Bunduki ya marehemu mumewe, bunduki pekee nyumbani kwake, ilikuwa imeegemezwa kitini. Mbele yake uzio mpya wa Hollis, mrefu kuliko ng'ombe wawili waliopandana, ulikwenda kushoto na kulia mpaka macho yakachoka. Pale mbele yake tu palikuwa na uwazi, kwa sababu lango lilikuwa bado limelala kwenye nyasi.

Ndani ya uzio huo alikuwemo Zurdo.

Mumewe Otilia ndiye aliyempa kulungu huyo jina hilo, mwenye mashoto, kwa kuwa pembe yake ya kushoto ilikua ikiinamia sikio. Kila Desemba, madume walipoanza kugombea majike, mzee huyo alimwita kwa pembe. Zurdo alipotokeza kichwa, mzee alinyamaza, akamtazama, akaishusha bunduki. "Mwaka ujao," alisema, miaka yote, mpaka akafa yeye.

"Dume haji kwa kuwa ana njaa," alizoea kumwambia mkewe. "Anakuja kwa kuwa hawezi kuvumilia kusikia wengine wakipigania chake."

Sasa Hollis alikuwa ameshamwahidi mgeni wake wa Jumamosi kichwa cha Zurdo. Na kulungu aliyezungushiwa uzio wa namna ile hana njia ila ile inayokwenda kwenye mtutu.

Gari la Hollis likaja likiruka mashimo. Akashuka kabla halijasimama vizuri, shingo imemvimba, kichwa mbele. Mafundi wake wote wakaruka kutoka nyuma, nyundo na koleo mikononi.

"Tumekusikia kutoka kijitoni kule! Unafanya nini?"

"Nimekaa kwenye ardhi yangu, Hollis. Wewe hujambo?"

"Zurdo ni wangu."

"Ana chapa yako? Hebu mlete tumgeuze paja tuone."

Mafundi wakainamisha kofia ili wasionekane wakicheka.

"Unataka kumtoa hapa umpige kabla ya mgeni wangu."

"Bunduki sikuja nayo ili iote jua."

Hollis akalamba kidole, akakiinua hewani, kisha akacheka kwa sauti. "Ole wako, bibi! Upepo unavuma mgongoni mwako. Harufu ya sabuni yako yote inaingia shambani kwangu. Hata ndama wa kulungu aliyezaliwa jana hawezi kukusogelea. Mumeo hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Na unagonga kama mtu anayeangusha kabati la vyombo. Nieves yuko wapi? Dada yako angekuwepo, angalau angekushikia kikombe."

"Nieves ana shughuli zake."

Akagonga tena. Hollis alikuwa bado anacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye ule uwazi. Ndani ya vichaka tawi likavunjika. Labda alikuwa ng'ombe. Hollis hakungoja kujua.

"Inueni lango! Wote, haraka!"

Baldo, msimamizi wa mafundi, akajikuna kidevu. "Bosi, kule kijitoni waya wa uzio bado uko chini. Tungeumaliza kwanza..."

"Kijito kitatungoja. Huyu mama hatungoji!"

Wakainua lango huku wakitukana uzito wake. Otilia hakusogeza hata mguu. Aligonga pembe kwa mwendo wa nyundo zao, kama mtu anayewapigia ngoma. Viganja vilimchubuka, akavifuta kwenye sketi, akaendelea.

"Bawaba ya chini imekaa upande, Baldo," alisema. "Marehemu baba yako angeona haya."

"Samahani, shangazi."

"Usimwombe samahani!" Hollis akafoka. "Kaza hiyo!"

"Ndiyo, kaza, mwanangu. Kazi ya haraka hurudiwa."

Baldo akaifungua bawaba, akaipima upya, akaikaza taratibu. Hollis alizunguka huku na huku akipiga teke mawe. Kila tawi lilipotikisika ndani, alitanua mikono kwenye ule mwanya uliobaki, kana kwamba angemzuia kulungu kwa kifua.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya miiba ya madungusi walipopitisha mnyororo na kutia kufuli. Hollis akalishika lango kwa mikono miwili, akalitikisa. Halikucheza.

"Basi," alisema, akihema. "Umeshindwa, Otilia. Karudishe pembe zako ukutani."

Otilia akazilaza mapajani. Akafungua chupa ya kahawa, akamimina, akapuliza.

"Nitazirudisha," alisema. "Nasubiri ile jozi nyingine, nizitundike pamoja."

Hollis akafungua mdomo kuuliza jozi ipi. Wakati huo upepo ukatulia, na kutoka mbali kaskazini, kule kijitoni, zikasikika pembe zikigongana polepole, kwa ustadi.

Kisha zikanyamaza, kama zilivyokuwa zikinyamaza enzi za mzee, Zurdo alipotokeza kichwa.