Usukani wa Kulia

Kadi iliyosimama mbele ya ile pikapu ya plastiki, inayoenea kiganjani, ilikuwa na jina moja tu: Lugendo. Alikuwa ameiandika mwenyewe asubuhi, akijipa moyo kwamba rafiki yake Tendwa, aliyekuwa mgonjwa, hatafika kwenye maonyesho ya magari ya mfano.

Bi Zamda, mwamuzi, aliinama akachungulia dirishani mwa gari. "Hizi hutoka kwenye boksi na usukani kushoto. Nani kauhamishia kulia kama magari yetu?"

"Mimi," alisema Lugendo. "Nilikata dashibodi kwa wembe, nikaigeuza."

Usukani aliuhamisha Tendwa; alichofanya Lugendo ni kupiga rangi tu, baada ya mkono wa rafiki yake huyo kuanza kutetemeka naye kumkabidhi gari amalizie.

"Kazi safi," alisema Bi Zamda.

"Safi kweli," ilisema sauti nyuma yao. Tendwa alikuwa amefika, kavaa shati lake la sikukuu. Alitoa kitochi mfukoni, akamulika ndani ya gari.

"Ila pedali umezisahau kule kule kushoto, ndugu yangu," alisema taratibu. "Hata mimi ningezisahau."

Lugendo alichungulia. Miezi miwili alikuwa na gari hilo mezani, na ndiyo kwanza anaziona. Mwanga ulikuwa ukitetemeka juu ya pedali tatu ndogo, mbele ya kiti kisichokuwa cha dereva. Alinyoosha mkono aushike wa Tendwa utulie, lakini mkono wake ukaishia njiani, juu ya kadi, ukalifunika jina lake.