Simu Bado Inatafuta

Siku hizi mlango haufunguki mpaka simu yako ithibitishe kwamba umefika kwako. Mwanakheri alirudi hoi kutoka Muheza, kwenye matanga ya mama yake. Kwa heshima ya msiba aliizima simu muda wote, nayo ikasahau satelaiti ziko wapi. Sasa ilizitafuta upya, mojamoja, katika kipande cha anga kilichobaki kati ya maghorofa.

"Inyanyue juu kidogo, mama Rukia," mumewe alisema kutoka ndani.

"Mkono umekufa ganzi. Kwani sauti yangu huijui?"

Kisha Mwanakheri akamsikia Rukia akiuliza, "Baba, ni nani huyo?"

"Subiri, mwanangu. Bado hatujajua."