Aliyemwita Loda

Phelista alitema mate mlangoni, karibu yaguse viatu vya Ian.

"Unanitia kinyaa! Ndugu yangu wa tumbo moja, kumbe ni wewe unamwibia mama!"

Ian, kitinda mimba wa nyumba hiyo ya Naitiri, alibaki amesimama hapo hapo. Tangu afutwe kazi Bungoma mjini alikuwa akiishi kwa mama yao na kumlimia. "Haki sijafanya, sista. Si muulize vizuri?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, simu mapajani. Pesa yake yote ya mbolea ilikuwa imekwenda jana, Jumatano, na mvua ilikuwa imeshaanza.

"Mama, hebu rudia. Huyo mtu alisemaje?"

"Ati anatoka kwa kampuni ya simu. Ati laini yangu inafungwa, nibonyeze namba ya siri. Mimi si mjinga, nikakataa. Lakini alikuwa na namba yangu ya kitambulisho. Alijua ile Jumanne ya wiki jana nilitoa pesa kibandani kwako Kitale. Halafu akaniita Loda. Nikaona basi, huyu ananijua, nikabonyeza." Mama alijifuta macho kwa leso. "Kitambulisho kinasema Rhoda Nabwile. Mtu wa ofisi angesoma Rhoda. Ni hapa nyumbani tu naitwa Loda."

Na Jumanne hiyo, nani alimsindikiza Kitale? Ian. Nani alimshikia kitambulisho njia nzima? Ian. Phelista alimtazama kama mtu aliyekuta mende kwenye mboga aliyokwisha kula nusu.

"Mimi kila Ijumaa nasaidia watu wa usalama kushika matapeli, kumbe tapeli tunakula naye sahani moja! Toka! Na huko unakoenda usitaje jina la baba."

Ian alimtazama mama. Mama aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililommaliza kijana wa watu. Aliweka ufunguo wa ghala mezani, akachukua begi lake, akaenda.

Kesho yake Phelista alifungua kibanda chake cha kutuma na kutoa pesa pale Kibomet, Kitale, roho bado ikimwenda mbio kwa hasira. Kama kawaida yake, hakuwaachia wateja kalamu. Aliwaandikia mwenyewe kitabuni: jina, kitambulisho, namba ya simu. Wao kazi yao ilikuwa kutia sahihi tu. Na kila mmoja aliondoka amehadithiwa. "Siku hizi hata ndugu si wa kuamini, bana. Uchafu mtupu!"

Saa kumi jioni Hillary akapiga. Huyu alikuwa kijana wa usalama, aliyepita vibandani mwezi wa pili na beji shingoni, akawaomba mawakala wamtumie kila wiki picha za kurasa za kitabu, ati kampuni ya simu ilinganishe majina na kuwanasa matapeli. Wengine walimkwepa. Phelista hakuwahi kukosa Ijumaa hata moja.

"Hillary, afadhali umepiga. Mama yangu ameibiwa, na mwizi ni wa nyumbani, fikiria!"

"Ala! Pole sana, madam. Watu ni wanyama." Hillary alikohoa kidogo. "Ndio maana tunahitaji hizi picha. Za leo piga kama zile za wiki jana. Zile zilitoka safi, kila herufi inasomeka."

Katika machungu yote ya wiki hiyo, angalau mtu mmoja alikuwa ameiona kazi yake. Phelista alifunua kurasa kurudi nyuma, akumbuke wiki jana kitabu alikiweka wapi hata picha zikatoka vizuri hivyo.

Jumanne. Mstari wa tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe: Loda Nabwile.