Stempu za Kijani

Salha alizitia stempu za marehemu baba yake kwenye beseni la maji ili zibanduke kwenye vipande vya bahasha. Hazikuwa na jina la nchi, ila kichwa cha malkia wa Uingereza tu, kwa hiyo alikuwa akizipanga kwa rangi. Nyekundu zilibanduka salama. Za kijani zikaanza kuchuja.

Alizitoa mbiombio, moja ikamchanikia mkononi.

"Umeziona za kijani?" mama yake aliuliza kutoka chumbani. "Niletee nizione, mwanangu, kabla macho haya hayajazima kabisa."

"Bado natafuta, mama."

"Tafuta taratibu. Baba yako hakutaka hata nizipumulie. Nilimwambia, huyo malkia ungemuoa yeye." Akacheka peke yake.

Salha alizilaza juu ya taulo. Uso wa malkia ulikuwa umebaki kivuli tu. Alipuliza, akapepea kwa kanga, lakini rangi haikurudi.

Nyuma yake kitanda kililia, kisha kiganja kikasikika kikipapasa ukuta.

"Kaa, mama, nakuja."

Mama alikwisha fika. Mkono wake ukaitafuta meza, na vidole vikazama polepole kwenye maji ya kijani.