Vifuniko vya Herufi

Kwamboka aliikuta kibodi yake imenyofolewa herufi na kupangwa upya. Kisu cha siagi kilikuwa bado mezani, na A, yenye doa la mafuta, imekaa mahali pa Q.

"Nimeipanga kama zetu za Lubumbashi, zile za Kifaransa," akasema Peguy, mdogo wa mumewe. "Sasa iko bien."

Wiki mbili tu katika fleti yao ya South Beach, na tayari Peguy alikuwa ameshusha kiti cha Kwamboka na kuviondoa vitabu ambavyo Kwamboka aliinulia skrini kwa ajili ya shingo yake.

Kwamboka alikaa, akachapa sentensi nzima huku amemkazia Peguy macho. Kila herufi ilitokea sawasawa. Vidole vyake havikuhitaji kusoma vifuniko. Kompyuta nayo haikuvisoma. Kwake, palipokuwa Q pamebaki Q.

"Unaona? Inatumika," akasema Peguy. "Sasa nipishe, maombi ya kazi ya bandarini yanafungwa saa sita."

Akampisha. Peguy aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kwa macho. Kwenye skrini vilitokea vidoti vyeusi tu. Ikakataa. Akarudia polepole. Ikakataa tena, na maandishi mekundu yakaonya kwamba imebaki mara moja, kisha akaunti itafungwa.

"Eish. Umegusa nini, shemeji?"

Kwamboka aliokota kisu, akakifuta taratibu kwa kidole gumba.

"Sijagusa kitu. Andika tena," akasema. "Ila uziangalie herufi vizuri."